Kutunza dhahabu, fedha na mawe ya thamani nyumbani, Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Huku kwetu kusini mapambo yana maadui wawili ambao maelekezo mengi ya kutunza vito hayawataji: hewa ya bahari yenye chumvi, na salfa inayopulizwa kwenye mikorosho. Mkazi wa Shangani, Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Masoko anaishi na adui wa kwanza mwaka mzima. Aliye Tandahimba, Newala, Masasi au Nachingwea anamjua zaidi wa pili. Majibu haya yameandikwa kwa kuwafikiria wote, na kwa kutumia vitu vilivyomo jikoni au kwenye duka la mtaani.

Kabla hujagusa chochote, jua umeshika chuma gani na jiwe gani. Vito vingi vinavyoharibikia nyumbani haviharibiwi na uzembe. Vinaharibiwa na mtu mwenye bidii aliyechukua dawa ya shaba akaitumia kwenye lulu.

Kwa nini fedha yangu inakuwa nyeusi haraka hapa, wakati dada yangu aliye Dodoma anavaa ya kwake mwaka mzima bila shida?

Weusi huo si kutu kama ya chuma cha kawaida. Fedha, au silva kama wengi tunavyoiita, inaungana na salfa iliyomo hewani na kutengeneza utando mwembamba mweusi. Salfa hiyo inatoka kwenye moshi, kwenye mayai na vitunguu jikoni, kwenye mipira ya kufungia noti, hata kwenye jasho. Unyevu ndio unaoharakisha kazi, na hewa ya pwani haikosi unyevu. Chumvi ya bahari nayo inaongeza ukali wake. Dodoma ni kukavu, kwa hiyo fedha ya dada yako inapumzika.

Kisha kuna msimu wa mikorosho. Kati ya Mei na Septemba hivi, mikorosho inapochipua na kutoa maua, wakulima hupuliza salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho. Mashine zinanguruma alfajiri, vumbi la njano linatanda shambani, linaingia kwenye nguo, nywele na vitanda. Unga ule ni salfa yenyewe, na ukitua kwenye bangili ya fedha huhitaji kusubiri miezi. Kwa hiyo ushauri wangu kwa familia za mashambani ni mmoja: msimu wa kupuliza ukianza, funga fedha yote ndani ya mfuko usiopitisha hewa na uiache humo hadi kazi iishe. Anayepuliza asivae hata pete. Shaba nayo inaathirika vivyo hivyo. Dhahabu yenye karati kubwa haisumbuki sana.

Bangili ya fedha ya marehemu bibi imekuwa nyeusi tii. Imeharibika?

Haijaharibika. Utando ule ni mwembamba mno na chini yake fedha ipo. Jambo la kwanza ni kutoikwangua.

Kama bangili haina jiwe, lulu, gundi wala kitambaa, kuna njia inayoondoa weusi bila kusugua. Tandika karatasi ya foili ya jikoni ndani ya bakuli la kioo au plastiki gumu, upande wa kung'aa ukiwa juu. Weka bangili juu yake, iguse foili. Nyunyiza kijiko kikubwa cha bekingi soda, ile ya keki, na kijiko kidogo cha chumvi, kisha mimina maji ya moto sana kiasi cha lita moja. Utaona povu dogo na pengine utasikia harufu ya yai viza. Hiyo ndiyo salfa inaiachia fedha na kuhamia kwenye alumini ya foili. Subiri dakika 2 hadi 5, geuza, kisha toa kwa kijiko, suuza kwa maji safi na ukaushe kabisa kwa kitambaa laini. Ikiwa weusi ulikuwa wa miaka mingi, rudia kwa foili mpya.

Lakini iangalie bangili kwa makini kabla hujaanza. Vyombo vingi vya zamani vimechongwa maua na mistari, na sonara aliacha weusi makusudi ndani ya mistari ili nakshi ionekane. Njia ya foili haichagui, itaondoa na weusi huo, na bangili ya bibi itabaki nyeupe bapa isiyo na sura. Kwa kitu cha namna hiyo tumia kitambaa cha pamba chenye unyevu kidogo, kidole kimoja, upitishe juu ya sehemu zilizoinuka tu. Ni kazi ya jioni nzima na inafaa kufanywa hivyo.

Je, magadi yanafaa badala ya bekingi soda?

Yale ya kupikia mlenda na maharage, hapana. Yana mchanga na uchafu mwingine ndani, na ukiyasugua kwenye fedha utaona mikwaruzo.

Vipi dawa ya meno? Na majivu? Wazee walisugua kwa majivu na vyombo vikang'aa.

Vinang'arisha kwa sababu vinakwangua. Dhahabu na fedha ni vyuma laini, karibu na ulaini wa ukucha wako kuliko wa chuma cha jembe. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia meno, na jino ni gumu kuliko fedha. Majivu ni makali zaidi. Mara ya kwanza utafurahi, lakini kila unaposugua unaondoa chuma chenyewe, alama za karati zinafutika, na uso unakuwa na mikwaruzo midogo inayokamata uchafu upesi kuliko mwanzo. Kwa sufuria, majivu endelea nayo. Kwa mkufu, acha.

Nimeambiwa dhahabu haishiki kutu. Mbona cheni yangu imefifia?

Dhahabu tupu, yaani karati 24, kweli haishiki kutu. Lakini ni laini mno kuvaliwa kila siku, ndiyo maana huchanganywa na shaba, fedha na vyuma vingine. Angalia alama ndogo karibu na kifungio: 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Namba hizo zinasema kati ya sehemu 1000 za chuma hicho dhahabu ni ngapi. Cheni ya 375 ina zaidi ya nusu ya vyuma vingine, na hivyo ndivyo vinavyofifia kwa jasho na chumvi.

Hata hivyo, mara nyingi dhahabu "iliyofifia" ni chafu tu. Mafuta ya mwilini, losheni, sabuni ya kipande na vumbi vimeganda kati ya pingili. Chukua bakuli, weka maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, loweka dakika 15 au 20, kisha pitisha mswaki laini ambao haujawahi kuguswa na dawa ya meno. Suuza kwenye bakuli la pili. Nasisitiza bakuli, kwa sababu pete nyingi zimepotelea kwenye mabomba ya sinki. Maji ya visima vya karibu na bahari yana chumvi, kwa hiyo suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua au ya kunywa, la sivyo yatabaki madoa meupe. Kausha kwa kitambaa cha fulana kuukuu, kisha acha kwenye hewa, kivulini, mpaka pingili za ndani zikauke.

Na hili liwe sheria ya nyumba: dhahabu na klorini hazikutani. Dawa ya kufulia nguo nyeupe, ile wengi tunaiita jiki, inashambulia vyuma vilivyochanganywa na dhahabu, hasa kwenye viungo vilivyolehemiwa na kwenye meno yanayoshika jiwe. Huoni kitu leo. Siku moja jino linakatika lenyewe na jiwe linadondoka. Vua pete kabla ya kufua na kudeki.

Pete imeniachia rangi ya kijani kidoleni. Ni sumu?

Si sumu. Ni shaba iliyomo kwenye pete imekutana na jasho na chumvi, na sabuni inaiondoa. Hutokea kwa pete za shaba, za kuchovya (zilizopakwa dhahabu juu tu) zilizochakaa, na hata za karati ndogo kwa watu wanaotoka jasho sana. Rangi ya kijani ni jambo moja, muwasho ni jambo jingine. Ukiona vipele, ngozi ikiwasha na kutoa maji pale pete au hereni inapokaa, shuku nikeli, chuma kinachowekwa kwenye mapambo mengi ya bei nafuu. Hapo hakuna dawa ya kuosha. Acha kuivaa.

Nitajuaje kama ni dhahabu kweli au ya kuchovya?

Angalia sehemu zinazosuguana: ndani ya pete, kwenye kifungio, pingili za mwisho. Ya kuchovya hufunua rangi nyingine hapo, nyekundu ya shaba au kijivu. Sumaku inasaidia nusu tu. Ikivuta, si dhahabu, ila isipovuta hujapata jibu, kwa sababu shaba nayo haivutwi. Uzito unasema zaidi. Ujazo ule ule wa dhahabu ya karati 18 ni mzito karibu mara mbili ya shaba, ndiyo maana bangili nene iliyo nyepesi mkononi inatia shaka. Neno la mwisho ni la sonara mwenye jiwe la kupimia na tindikali yake. Kipimo hicho usikifanye nyumbani, na kamwe usitumie maji ya betri.

Ya kuchovya naitunzaje?

Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kila ukivua, ikaushe, basi. Ngozi ya dhahabu iliyo juu ni nyembamba kuliko unywele, na kila kusugua kunaipunguza.

Ndimu na ukwaju vinafaa?

Kwa shaba tupu, ndiyo, na vinafanya kazi vizuri. Tindikali iliyomo ndani yake inayeyusha ule utando wa kahawia na kijani. Paka rojo la ukwaju kwenye bangili au kikuku cha shaba, acha dakika chache, suuza kwa sabuni na ukaushe papo hapo. Tindikali ikibaki, shaba itageuka kijani kwa kasi zaidi.

Kwa vingine, hapana. Lulu, marijani na simbi vimetengenezwa kwa madini yale yale ya chokaa, na tindikali inavila. Pete ya lulu iliyolowekwa kwenye maji ya ndimu hutoka imefubaa, na ung'avu ule haurudi. Kuna pia yakuti nyekundu za bei ndogo ambazo nyufa zake zimezibwa kwa kioo chenye risasi. Muuzaji huenda hakukuambia. Maji ya ndimu yanakula kioo hicho na kuacha mistari myeupe ndani ya jiwe.

Nitaje na sarafu, kwa sababu wapo wanaouliza. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba, na mpaka leo zinaokotwa katika mwambao huu zikiwa na ngozi ya kijani. Ngozi hiyo ndiyo iliyolinda maandishi yake kwa mamia ya miaka. Ukiokota moja, usiipake ukwaju wala usiisugue. Vitu vya kale vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa hiyo ipeleke kwa wahusika ilivyo, na uwaonyeshe mahali ulipoiokota.

Mawe yetu, ya Tunduru, Ruangwa na kwingineko, yanaoshwaje? Yote ni mawe, si yanaoshwa sawa?

Hayaoshwi sawa, na hili ndilo swali ninalopenda watu waliulize kabla ya kununua.

Tuanze na mchanga. Mchanga wa ufukweni na vumbi la barabarani vimejaa kwatsi, na kwatsi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs kinachoanzia 1 hadi 10. Jiwe lolote lililo chini ya 7 linakwaruzwa na vumbi la kawaida. Ndiyo maana hupaswi kufuta jiwe kavu kwa upindo wa kanga. Unakuwa umelipiga msasa. Lowesha kwanza, vumbi liondoke na maji, halafu ndipo ufute.

Tunduru, jirani zetu wa mkoa wa Ruvuma, ilipata umaarufu miaka ya 1990 kwa mawe yaliyochimbwa kwenye kokoto za mito: yakuti za rangi nyingi, spineli, garineti na mengine. Mengi ya hayo yalipitia mikononi mwa watu wa Masasi na Mtwara, na bado yamo kwenye pete za familia. Yakuti ina ugumu wa 9, spineli 8. Hayo ni mawe ya kazi. Maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini upande wa nyuma, ambako mafuta hujificha, vinatosha. Jiwe likiwa chafu nyuma halipitishi mwanga na huonekana limekufa. Ukilisafisha huko linazinduka.

Garineti ya kijani inayopatikana Ruangwa ina ugumu wa kuzunguka 7. Inaoshwa vivyo hivyo, ila haipendi joto la ghafla. Usiitoe juani ukaitumbukiza kwenye maji ya barafu, wala usiichemshe.

Tanzanaiti inataka adabu zaidi. Ilianza kujulikana mwaka 1967 na inachimbwa Mererani tu, huko Manyara. Rangi yake ya buluu mara nyingi hupatikana kwa kuchoma jiwe kwa ustadi, na watu husikia hilo wakadhani inavumilia moto. Haivumilii. Ina ugumu kati ya 6 na 7, na ina upande mmoja ambao inapasuka kirahisi ikigongwa au ikibadilishiwa joto ghafla. Ioshe kwa maji yasiyo ya moto wala ya baridi sana, na usikubali itumbukizwe kwenye mashine ya kuoshea vito kwa mtetemo. Kwa maoni yangu tanzanaiti inafaa zaidi kwenye hereni au kidani. Kwenye pete ya kila siku, ya mtu anayechota maji na kupika, itapata mikwaruzo.

Zumaridi karibu zote zina nyufa za asili, na nyingi huwekwa mafuta ili nyufa zisionekane. Maji ya moto na sabuni kali vinayatoa mafuta hayo. Kitambaa chenye unyevu kinatosha. Amethisti iweke mbali na dirisha, jua kali linaipausha. Feruzi na opali zinanyonya, kwa hiyo zisilowekwe, na zisiguswe na mafuta ya nazi wala manukato. Akiki, ile ya pete za fedha za wazee wetu wanaume, ni kwatsi na ni ngumu. Taabu yake ni fedha inayoizunguka, na hiyo ing'arishe kwa kitambaa. Almasi ni ngumu kuliko mawe yote, lakini inavuta mafuta sana, hivyo inataka kuoshwa mara nyingi kuliko unavyofikiri.

Lulu na marijani je?

Vivae mwisho, baada ya losheni na manukato kukauka, na vivue kwanza. Kila ukivua, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Usizamishe mkufu wa lulu ndani ya maji: uzi unavimba, unaoza na kukatika. Ukiulowesha kwa bahati mbaya, ulaze bapa mpaka ukauke, usiutundike. Lulu pia hazipendi kufungiwa kwenye plastiki isiyopitisha hewa kwa muda mrefu. Mfuko wa kitambaa unazitosha.

Naruhusiwa kuoga baharini na pete yangu ya ndoa?

Hakuna wa kukukataza, ila mimi ningeiacha nyumbani. Maji yanapoza vidole, vidole vinapungua, pete inateleza. Ukienda Msimbati ukaipoteza kwenye mawimbi, hutaipata. Mchanga nao unakwaruza. Kama ulishaingia nayo, suuza kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, kwa sababu chumvi iliyokauka inavuta unyevu wa hewa na kuendelea kukila chuma usiku kucha.

Nabangua korosho. Kuna shida nikivaa pete?

Ipo, na kubwa zaidi ni ya kidole kuliko ya pete. Mafuta ya ganda la korosho ni makali, yanaunguza ngozi. Yakiingia chini ya pete hayafikiwi na maji wala majivu unayopaka mikononi, na yanakaa hapo yakiunguza. Kwenye chuma na jiwe yanakauka kuwa gamba jeusi linaloziba kila tundu. Vua pete na bangili kabla ya kukaa kwenye kazi. Kama gamba limeshashika, lilainishe kwa mafuta ya kupikia kwa saa kadhaa, futa, kisha osha kwa sabuni ya vyombo. Usichokonoe kwa kisu wala sindano.

Bi harusi atakuwa na hina, piko, udi na manukato, na dhahabu shingoni hadi mikononi. Tufanyeje?

Piko ndiyo ya kuogopwa, ina dawa kali za rangi. Ipakwe, ikauke, ioshwe kabisa, ndipo dhahabu ivaliwe. Hina ya majani haidhuru dhahabu lakini inaingia kwenye nakshi na kutia doa lulu na feruzi, kwa hiyo nayo imalizike kwanza. Afukizwe udi kabla ya kuvishwa, maana moshi wake unaacha utando unaonata. Manukato yapuliziwe nguo. Na kesho yake, mtu mmoja mwaminifu wa upande wa bibi harusi akae na bakuli la maji ya sabuni, aoshe kila kipande, akihesabu. Vingi huazimwa kwa mama wakubwa na mashangazi, na kila mmoja atataka chake kirudi kama kilivyotoka. Piga picha kila kipande kabla ya shughuli.

Pete ya dhahabu imegeuka nyeupe ghafla upande mmoja. Ni nini?

Yaelekea sana imegusa zebaki. Kipima joto cha kioo kilichovunjika nyumbani kinatosha, au mtu anayefanya kazi na wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaotumia zebaki. Zebaki inaingia kwenye dhahabu na kuidhoofisha. Ivue, ifunge ndani ya chupa yenye kifuniko, umpelekee sonara na umwambie wazi ni zebaki. Usiichome mwenyewe kwa jiko la mkaa au gesi, mvuke wa zebaki unadhuru mapafu, ubongo na figo, na watoto huathirika zaidi.

Nivihifadhi wapi na unyevu huu wote?

Kila kipande peke yake. Almasi na yakuti zikilala kisanduku kimoja na dhahabu, asubuhi dhahabu ina mikwaruzo. Cheni zifunge kifungio chake kisha zilaze zimenyooka, ama zitafungana mafundo.

Fedha inakaa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga kwa kubana, hewa ikiwa imetolewa. Tia humo kipakiti cha chembe za kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba mipya. Usivitupe tena. Kama huna, kipande cha chaki ya shule kinasaidia, ila kifunge kwenye kitambaa ili vumbi lake lisisambae, na ukibadilishe kila baada ya miezi michache. Usitie mchele, una vumbi na unaita wadudu.

Usifunge vito kwa mpira wa noti, una salfa. Usivizungushie gazeti. Bafuni pasiwe mahali pa kuvitundika. Jikoni vivyo hivyo, hasa kama mnapikia mkaa. Sanduku la mpingo ni zuri na mafundi wetu wa Kimakonde wanayachonga vizuri sana, lakini liwekee kitambaa cha pamba ndani, na kama limepakwa vanishi karibuni liache wazi hadi harufu iishe kabisa.

Fedha unayoivaa mara kwa mara huchelewa kuwa nyeusi kuliko ile unayoificha, kwa kuwa ngozi na nguo zinaifuta kila siku. Kwa hiyo bangili ya bibi, ivae.

Pete imekwama na kidole kimevimba.

Usivute kwa nguvu. Inua mkono juu ya kichwa dakika kadhaa, weka kidole kwenye maji ya baridi, paka sabuni ya maji au mafuta, kisha izungushe taratibu ukiisukuma. Isipotoka, chukua uzi laini mrefu, pitisha ncha moja chini ya pete kuelekea kiganjani, halafu zungushia uzi uliobaki kidoleni kwa kubana, kuanzia kwenye pete hadi upite kifundo. Shika ile ncha ya kiganjani uifungue polepole, pete itatembea juu ya uzi. Kidole kikigeuka buluu au kufa ganzi, nenda hospitali mara moja wakaikate. Pete hulehemiwa ikapona. Kwa mama mjamzito, pete ivuliwe mapema kabla miguu na mikono haijaanza kujaa.

Ni lini nimpelekee sonara, na niseme nini nikifika?

Mara moja kwa mwaka kwa pete yenye jiwe unayoivaa kila siku, na mapema zaidi ukiona pete inanasa nyuzi za kanga, au ukiitikisa karibu na sikio ukasikia jiwe linagonga. Hayo ni meno yamelegea.

Ukifika, ipimwe kwenye mizani mbele yako na uzito uandikwe kwenye stakabadhi. Ukiichukua, ipimwe tena. Kung'arisha hupunguza kidogo sana, na kulehemu kunaweza kuongeza kidogo, lakini tofauti kubwa inahitaji maelezo. Mwambie jiwe ni gani. Sonara anatumia moto, na yakuti inaweza kuuvumilia pale ambapo tanzanaiti, zumaridi, lulu na opali zitapasuka au kuungua. Akijua, atalitoa jiwe kwanza. Mwambie pia kama unataka nakshi ibaki na weusi wake.

Jiwe likianza kucheza kabla hujafika kwake, vua pete siku hiyo hiyo, uifunge ndani ya kitambaa na usiendelee kuivaa. Usiyabane meno kwa koleo wala usitie gundi ya dukani. Gundi ikishaingia, sonara hulazimika kuiondoa kwa moto au dawa kali, na si kila jiwe linahimili hayo.